Kitanda Namba 12

Mtoto ameshushwa kwenye gari. Yuko uani anashangaa majengo, mara anasikia injini. Akigeuka, gari linaondoka. Analikimbilia mpaka pumzi zinamwishia, na vumbi linafunika kila kitu. Jina lake Carlos. Hakuna aliyemwambia kwamba anaachwa hapo. Hakuna aliyemwambia pia kwamba baba yake ameshakufa vitani. Watu wazima wanalijua hilo, wamelizungumza kwa sauti ya chini ndani, na yeye alikuwa nje.

Mara ya kwanza nilipoitazama filamu hii niliisimamisha hapo, nikaenda jikoni kunywa maji. Mke wangu akauliza kama inatisha kiasi hicho. Nikamwambia bado haijaanza kutisha.

Mimi nilishushwa kwenye lori la mabati, mwezi Januari, nikiwa na miaka 14, mbele ya geti la shule ya bweni katikati ya nyika ambayo ukiitazama unaona mpaka jicho linachoka. Nilikuwa nimetoka Tanga, kwenye minazi na kelele za watu. Baba alimwomba dereva asimame, tukashusha tranka, godoro na ndoo, kisha akaniambia nikamuulize mlinzi ofisi iko wapi. Niliporudi, tranka lilikuwa peke yake kando ya barabara, godoro limelazwa juu yake lisishike vumbi. Lori lilikuwa limeshakuwa nukta. Miaka mingi baadaye, akiwa mgonjwa, baba alinikiria kwamba dereva hakuwa na haraka yoyote. Ni yeye aliyemwambia aondoe gari.

Filamu ninayoizungumzia ni El espinazo del diablo, yaani Uti wa Mgongo wa Shetani, ya Mmeksiko Guillermo del Toro, iliyotoka mwaka 2001. Nimeshaitazama mara nne na nitaieleza mpaka mwisho wake, kwa hiyo kama hujaiona na unataka kuiona ukiwa hujui kitu, itazame kwanza ndipo urudi.

Ni mwaka 1939, vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Hispania vinaelekea ukingoni, na upande wa Jamhuri unashindwa. Kwenye tambarare kame iliyo mbali na mji wowote kuna nyumba ya kulelea yatima, watoto wa wanaume walioko vitani au waliokwisha kufa huko. Mkuu wa nyumba ni Carmen, mama mwenye mguu mmoja wa bandia. Daktari Casares, mzee mwenye adabu na mashairi mengi kichwani, anampenda Carmen na hajawahi kumwambia waziwazi. Kuna Jacinto, kijana mzuri wa sura, mtunza nyumba, ambaye naye alilelewa hapohapo na anapachukia mahali hapo kwa moyo wake wote. Na katikati ya ua kuna bomu. Lilidondoshwa na ndege usiku mmoja, likachomeka ardhini likiwa limesimama wima, halikulipuka. Watu wazima wanasema limeshateguliwa, halina madhara. Watoto wanasema ukiliwekea sikio unasikia moyo wake unadunda.

Usiku uleule bomu lilipoanguka, mtoto mmoja aitwaye Santi alitoweka.

Carlos anapewa kitanda namba 12. Ni cha Santi.

Kama umewahi kulala bwenini hukosi kujua maana ya kitanda cha namna hiyo. Kila bweni linacho. Chetu kilikuwa deka ya pembeni, kitanda cha chini, upande wa dirisha lililokosa kioo. Njuka, yaani mwanafunzi mgeni, ndiye anayekipata, kwa kuwa njuka hana wa kumtetea, na hamna anayemwambia kitu siku ya kwanza. Siku ya pili, taa zikishazimwa na jenereta limenyamaza, sauti inatoka kwenye giza upande wa pili wa bweni: wewe mdogo wetu, kwani hujaambiwa hapo alikuwa analala nani?

Nitarudi bwenini. Kwanza nieleze jinsi filamu hii inavyotembea, maana watu wengi niliowapa waliniambia ni ya taratibu mno, na taratibu hiyo ndiyo inayonifanya niipende.

Filamu nyingi za kutisha hukuficha mzimu mpaka mwisho. Unasikia mlango, unaona kivuli, muziki unapanda, halafu kitu kinarukia kamera. Del Toro hafanyi hivyo. Santi anaonekana mapema, siku ileile Carlos anapofika, amesimama mlangoni kwenye kiza huku nje jua likiwaka. Halafu unaachwa. Unaonyeshwa nyayo za maji sakafuni. Unasikia pumzi inashushwa, pumzi ndefu ya mtu aliyechoka, na unajua kwamba watoto wamempa jina: Yule Ashushaye Pumzi. Unapelekwa jikoni usiku pamoja na Carlos, akiwa amebeba jagi la maji kwa sababu ya ubishi wa watoto. Maji ya bweni yamemwagika, na kila mtu anaogopa kwenda kuchota. Jungu limewekwa juu ya makaa, si juu ya kuni zinazowaka, na wewe unakaa pale unasubiri.

Kuna tukio moja la kujificha. Carlos amekimbia, amejifungia, anachungulia kwenye tundu la ufunguo aone kama yule kiumbe ameondoka. Anatazama. Nje kimya. Halafu upande wa pili wa tundu kunatokea jicho. Nimeliona mara nne na mara zote nne mgongo umenisisimka. Lakini lilipotokea mara ya nne niligundua kitu ambacho woga ulikuwa umenizuia kukiona: lile jicho nalo lilikuwa linachungulia. Santi naye alikuwa anataka kujua nani yumo humo ndani.

Kila mara anapoonekana, anaonekana zaidi kidogo. Ngozi yake imepauka na kupasuka nyufa, kama sahani ya kauri iliyoanguka ikagoma kuvunjika. Kichwani ana jeraha, na damu kutoka kwenye jeraha lile haishuki shingoni kama damu ya mtu yeyote. Inapanda juu. Inaelea polepole kama moshi wa ubani, na pembeni yake chembe ndogo ndogo za takataka zinaogelea hewani. Unatazama hivi hivi, unaona ni urembo tu wa filamu. Baadaye unajua. Santi alipigizwa kichwa, akafungwa mawe, akazamishwa kwenye birika la maji lililo chini ya jengo. Maji yale hayakumwacha. Anatembea nayo. Akisimama mbele yako kwenye ukumbi mkavu, yeye bado yuko chini ya maji.

Neno birika limenijia bila kulitafuta. Wengi siku hizi wakisikia birika wanafikiria la chai. Kwa bibi yangu birika lilikuwa pia lile la msikitini, la mawe na chokaa, ambalo watu huchota maji ya kutawadha. Nikiwa mdogo nililiogopa. Maji yake yalikuwa yametulia mno. Birika la kwenye filamu ni kubwa zaidi na maji yake ni ya rangi ya asali iliyochafuka, lakini ule utulivu ni uleule, na mara ya kwanza kamera ilipoinama juu yake nilihisi harufu ya chokaa mbichi.

Rangi ile ya asali imeenea kwenye filamu nzima: kuta, vumbi, mwanga wa dirishani. Ni rangi ya kaharabu, ule utomvu wa miti ya kale ulioganda ukawa kama jiwe. Filamu inaanza kwa sauti ya mzee ikiuliza mzimu ni kitu gani, na moja ya majibu anayoyatoa ni mdudu aliyenaswa ndani ya kaharabu: ameganda pale, hafi tena, hatoki. Mambo ya kaharabu yamo hata ofisini kwa daktari, kwenye chupa kubwa za vioo zenye vichanga waliozaliwa kabla ya siku zao, wamehifadhiwa ndani ya ramu yenye viungo. Mmoja wao uti wake wa mgongo uko nje, na hapo ndipo jina la filamu lilipotoka. Casares anaiuza ile ramu mjini kama dawa, apate hela ya kuwalisha watoto. Anamwambia Carlos kwamba hayo yote ni imani za watu, yeye ni mtu wa sayansi. Carlos akishatoka, mzee anajimiminia glasi na kunywa. Nadhani hakuna mtu aliyekulia kwetu ambaye hamjui Casares yule.

Nikiwa naiandika makala hii nilikwama kwenye neno. Santi nimwite nani? Kiswahili hakijatunyima majina, ila kila jina lina kazi yake. Mzimu kwa asili ni wa ukoo, una kwao mzimuni, unapelekewa ubani na chakula, unaombwa mvua. Santi hana wa kumpelekea chochote. Pepo hupanda kichwani, hupungwa kwa ngoma. Santi hampandi mtu. Jini hajawahi kuwa binadamu. Mzuka ndiyo umekaribia, kwa kuwa umetokana na kuzuka, na yeye huzuka hasa; lakini neno hilo vijana wameshalichukua kwa ajili ya shangwe, ukimwambia mtu ana mzuka atakushukuru. Nimeandika mzimu kwa sababu ndilo neno tulilolitumia bwenini. Bibi yangu asingejisumbua na yote haya. Angesema tu kwamba huyo mtoto ana chake anachokidai, na damu ya mtu haiendi bure.

Na hapo ndipo filamu inapogeukia. Kwa muda mrefu Carlos anakimbia. Santi amemwambia maneno machache tu, kwamba wengi wenu mtakufa, na sisi watazamaji pamoja na watoto tunayasikia kama tishio. Kumbe ni onyo. Jacinto anazitaka dhahabu za Jamhuri zilizofichwa humo ndani. Anapofukuzwa anarudi na petroli, anawasha moto, nyumba inalipuka, na watoto wengi wanakufa kweli, pamoja na mwalimu wao, na Carmen baadaye anafia mikononi mwa Casares. Conchita, msichana aliyempenda Jacinto, anatembea kwa miguu kufuata msaada mjini kwenye ile barabara ndefu isiyo na mtu, na anakutana na Jacinto mwenyewe akirudi kwa gari. Anampa nafasi ya kuomba msamaha, yaani Jacinto ndiye anayemdai binti msamaha. Conchita anakataa. Anachomwa kisu barabarani. Hakuna mzimu kwenye tukio lile. Jua linawaka, watu wawili wamesimama wamekumbatiana kama wapenzi, basi. Ndilo tukio la kutisha kuliko yote kwenye filamu nzima.

Baada ya mlipuko, wakati hakuna tena mtu mzima wa kukimbilia, Carlos anashuka mwenyewe kwenye birika. Santi anatokea. Carlos anatetemeka, machozi yanamtoka, lakini safari hii miguu yake haiondoki. Anamuuliza anataka nini.

Ni swali dogo. Katika ile nyumba yote hakuna aliyekuwa amemuuliza. Kuna mtoto mwingine, Jaime, mbabe wa bweni, ambaye alikuwa na Santi usiku ule. Walikwenda birikani kuokota konokono wasio na gamba, wakamkuta Jacinto akijaribu kulifungua kasiki la dhahabu, Jaime akajificha, Santi akakamatwa. Jaime aliona kila kitu, akanyamaza, akawa mbabe. Alimchora Santi kwenye daftari lake. Ndivyo alivyoweza. Na Santi anajibu alichoulizwa: anamtaka Jacinto aletwe.

Wanamleta. Watoto wachache waliobaki wanachonga miti na kuifanya mikuki, kama walivyofundishwa darasani kuhusu watu wa kale waliokuwa wakiwinda mnyama mkubwa kwa kumzunguka. Wanamchoma, wanamsukuma birikani. Dhahabu alizojijaza mwilini zinamvuta chini. Na chini kule kuna mikono midogo inayomsubiri.

Jambo moja zaidi kuhusu Casares, maana nikiacha hili nitakuwa nimewadhulumu. Mzee amejeruhiwa vibaya kwenye mlipuko. Amekaa kwenye kiti dirishani na bunduki mapajani, akiwalinda watoto, na amewaahidi kwamba hataondoka. Anafia palepale kitini. Baadaye watoto wamefungiwa, na mlango unafunguliwa kutoka nje na mtu ambaye hawamwoni. Mwishoni kabisa watoto wanatoka getini kwa mguu, wameshikana, kuelekea kwenye ile tambarare, na nyuma yao mlangoni amesimama mzee, na sauti iliyokuwa ikiuliza mwanzoni mzimu ni kitu gani inarudi. Ni yake. Muda wote ni mzimu aliyekuwa akituhadithia.

Del Toro alishaandika toleo la kwanza la hadithi hii zamani akiwa bado anasoma, na akaliweka wakati wa mapinduzi ya Meksiko. Baadaye, akiwa ametoka kutengeneza Mimic Marekani mwaka 1997 na kuchoshwa na wenye studio waliokuwa wakimwingilia kazi, alikwenda Hispania, ambako mwongozaji wa huko Pedro Almodóvar na ndugu yake Agustín waliizalisha filamu hii. Ikahamia kwenye vita vya Wahispania. Mwaka 2006 aliifuatisha na nyingine, Pan's Labyrinth, inayotokea mwaka 1944 kwenye nchi ileile iliyokwisha kushindwa, na hizo mbili mwenyewe huziita ndugu. Ile ya pili ndiyo inayojulikana zaidi. Mimi moyo wangu uko kwa kaka yake.

Kilichonigusa zaidi nilikijua baadaye, na hakimo kwenye filamu. Vita vile vilipoisha Aprili 1939, maelfu kwa maelfu ya watu waliouawa walikuwa wamefukiwa kando ya barabara, kwenye mitaro, kwenye mashamba, bila alama. Jenerali Franco, aliyevishinda vita vile, akatawala mpaka alipofariki mwaka 1975. Mwaka 1977 ikapitishwa sheria ya msamaha, na nchi ikakubaliana kimyakimya kwamba yaliyopita yaachwe yalipo. Halafu Oktoba 2000, kijijini Priaranza del Bierzo, mkoa wa León, mwandishi wa habari Emilio Silva akamtafuta babu yake kando ya barabara. Wakachimba. Walikuwemo watu 13. Kutokana na kaburi lile kukaundwa chama cha kuwatafuta wengine, na jaji Baltasar Garzón alipolishughulikia jambo hili mwaka 2008, orodha ya waliopotezwa ilifika watu 114,226.

Sasa fikiria filamu ile inaingia kumbi za sinema za Hispania miezi michache tu baada ya kaburi la Priaranza kufunguliwa. Mtoto yuko chini ya sakafu. Wote wanaishi juu yake, wanakunywa maji, wanasoma, wanagombana. Usiku wanamsikia anashusha pumzi, wanajifunika shuka.

Ndiyo, bwenini kwetu.

Mzimu wetu alikuwa anaitwa Naomba Taulo. Shule ilikuwa na lambo nyuma ya mashamba, la kunyweshea ng'ombe wa shule, na miaka kadhaa kabla sisi hatujafika, mwanafunzi wa kidato cha pili alikwenda kuogelea Jumapili akazama. Hilo ndilo lililotokea. Mengine yote tuliyaongeza wenyewe, darasa hadi darasa: kwamba usiku wa manane anaingia bwenini, maji yanamchuruzika, anapita kitanda hadi kitanda na kusema kwa upole, samahani, naomba taulo. Ukimjibu, umekwisha. Ukinyamaza, anasogea kitanda kinachofuata. Kitanda cha pembeni, dirisha lisilo na kioo, ndicho kilichokuwa chake.

Nilipokuwa njuka nilikilalia muhula mzima na sikwenda chooni usiku hata mara moja. Nilivumilia. Nilipofika kidato cha tatu nikawa msimulizi wake mkuu. Nilikuwa fundi. Nilijua mahali pa kushusha sauti, na nilijua kukaa kimya baada ya neno taulo mpaka bweni zima lisikie panya darini. Niliwasimulia njuka wa miaka miwili mfululizo.

Mwaka ule wa pili kitanda cha pembeni kilimwangukia mtoto mmoja mdogo wa umbo, mtulivu, ambaye sare ilimvaa badala ya yeye kuivaa. Nilimsimulia kama nilivyowasimulia wengine. Hakulia. Aliuliza kama yule kaka ni lazima aamshe mtu ndipo apate taulo. Tukacheka sana. Kesho yake usiku, kabla taa hazijazimwa, alichukua taulo lake, moja tu alilokuwa nalo, la kijani lenye michirizi, akalitundika kwenye chuma cha deka upande wa njia. Akalinyoosha vizuri. Akapanda kulala. Kesho yake tena. Kila usiku, mpaka muhula ukaisha. Asubuhi akilitoa, analikunja, anakwenda nalo kuoga.

Tulimtania mpaka tukachoka. Kiranja mmoja alilimwagia maji kusudi, asubuhi alikute limelowa. Mtoto akalishika, akatutazama mmoja mmoja, akaenda kulianika juani, wala hakusema neno. Nilikuwepo. Nililijua lile lilikuwa jambo gani hata wakati ule, nikacheka na wengine.

Niliikumbuka siku ile nilipomwona Carlos amesimama mbele ya Santi akiuliza anataka nini. Nikazima taa ya sebuleni nikakaa. Miaka minne nililala mita 50 kutoka kwenye stoo ambamo kulikuwa na vitu vya yule marehemu, na sikuwahi kuuliza jina lake. Mwenyewe niliyeweza kueleza nyayo zake, sauti yake na maji ya kwenye nywele zake. Alikuwa na miaka 15 au 16. Alikuwa na mama.

Kwenye simu yangu nina rafiki mmoja wa enzi zile ambaye sasa ni mwalimu mkoa huohuo. Nikampigia usiku uleule. Nikamuuliza, Naomba Taulo alikuwa anaitwa nani? Alicheka, kisha akanyamaza, kisha akasema, subiri, si kulikuwa na lile tranka?

Nililikumbuka papo hapo. Stoo ya bweni, nyuma ya majembe na fyekeo, kulikuwa na tranka ambalo tulikuwa tunalipanda kubadilisha balbu. Mfuniko ulikuwa umebonyea katikati kwa sababu ya miguu yetu. Kila tranka pale shuleni lilikuwa limeandikwa jina la mwenyewe kwa rangi nyeupe, na hili pia, lakini nani husoma kitu anachokikanyaga.

Rafiki yangu alikwenda mwezi uliopita. Stoo imehamishwa, lakini matranka yasiyo na wenyewe yalikuwa yamepangwa kwenye chumba cha nyuma, na mlinzi wa zamani, ambaye bado yupo, alimwonyesha moja kwa moja. Alilifuta vumbi kwa shati lake akanisomea kwenye simu. Majina matatu, na chini yake jina la kijiji na sanduku la posta la shule ya msingi. Jina sitaliandika hapa, kwa kuwa ni la wenyewe. Nimelisema kwa sauti nikiwa peke yangu, mara kadhaa, ili mdomo ulizoee.

Kijiji si kikubwa. Haikuchukua wiki kumpata kaka yake. Baba yao alikuja kuchukua mwili tu siku ile, kwa pikapu ya kuazima, na hakupata moyo wa kurudi kufuata vitu, ameshafariki. Mama yupo. Nilikuwa nimejiandaa kueleza mimi ni nani, tulisoma shule moja, vipindi tofauti, na kwamba kuna mzigo wao tungependa kuuleta. Nilikuwa nimejiandaa pia kumwambia mambo ya hadithi, yale niliyoyasema gizani, lakini sikufika huko. Nilipotaja tranka, simu ilikaa kimya mpaka nikadhani mtandao umekata.

Kisha akaniuliza lina rangi gani.

Nikamwambia bluu, ila kwenye kona limechubuka linaonyesha nyekundu kwa chini.

"Nililipaka mimi," akasema. "Lilikuwa langu."